Mtoto Baridi

Kitenge kilicholowa mvua kikakosa jua kina harufu yake. Leo asubuhi nimemfunga mtoto wangu mgongoni kwa kitenge cha namna hiyo, maana tumeambiwa tena tuhame, na harufu ikanirudisha kwenye barabara ya kutoka Luberizi, nilipokuwa msichana mdogo.

Nilikuwa na chatu mdogo niliyemtoa kwenye mpunga, nikamlea kwa panya. Mama alikuwa amenikataza: "Tunakimbia vita, na weye unabeba nyoka? Abaki!" Nikamheka mgongoni kwa siri, ndani ya kitenge, kama wasichana wanavyoheka wadogo zao.

Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, askari akanisimamisha.

"Weye, mutoto mbona halie?"

Akaingiza mkono ndani ya kitenge. Nilimsikia chatu akificha kichwa, akijikunja mpaka akawa kama mpira mgumu. Nikabana mkojo.

"Iko baridi!" askari akasema.

Mama aligeuka, akanitazama mara moja tu.

"Amekufa asubuhi," akamwambia. "Unataka kufunua maiti?"

Askari akauchomoa mkono, akaupangusa kwenye suruali. "Pole, mama. Piteni."

Tulipokata kona, mama alinizaba kofi nikaona nyota. Kisha akakikaza kile kitenge mgongoni mwangu ili nyoka asianguke.

Leo, kwenye bariere, askari amenyoosha mkono mgongoni mwangu.

"Ondoa mkono wako," nimemwambia. "Huyu ana joto."