Hita Iliyolazimishwa kwa Waya

Ipo siku moja ya mwezi wa saba, mwanangu, ambayo hunirudia yote kila nikisikia mtu akisifia joto la gari lake. Nilikuwa mama kijana, na mtoto wangu wa kwanza, Tumaini, shingo yake ilikuwa bado haijakaza. Mume wangu Lusajo alikuwa amepata kazi Mgololo, akaja Mbeya kutuchukua mimi, mtoto na mama yake mzazi, aliyekuwa anakuja kunisaidia kulea.

Gari letu lilikuwa la mtumba, la dizeli, lililotoka nchi ya baridi. Chini ya kiti cha mbele lilikuwa na hita ya ziada. Siyo ile ya kawaida inayotumia joto la injini. Hii ni kama jiko dogo: inachoma dizeli yenyewe, feni inapuliza joto ndani, na moshi unatolewa nje kwa bomba linalopita chini ya gari. Lusajo aliipenda hita ile kuliko kitu chochote kwenye gari.

Tuliondoka Mwanjelwa asubuhi. Chimala hatukuihitaji, maana kule bondeni ni jua na vumbi tupu. Lakini tulipopanda kuelekea Makambako ukungu ukashuka, baridi ikaanza kuuma. Lusajo akawasha hita. Ikanguruma kidogo, taa za dashibodi zikafifia, hita ikazima. Akasimama pembeni, akafungua kisanduku cha fyuzi, akakuta fyuzi ya hita imeungua. Akaweka nyingine. Hatukwenda mbali, na hiyo ikaungua.

Mama mkwe akauliza taratibu, "Lusajo, hiyo fyuzi inaungua kwa nini?"

"Fyuzi zenyewe ni mbovu, mama. Na mtoto asije akapata baridi."

Hakuwa na nia mbaya, nataka ulielewe hilo. Alikuwa anamhurumia mwanawe. Akatafuta kipande cha waya, akakikunja, akakichomeka pale fyuzi ilipokuwa. Hita ikawaka, na safari hii haikuzima.

Tukaiacha barabara kuu pale Nyololo, tukaingia njia ya Mgololo, katikati ya mashamba ya chai na misitu ya mipaina. Vioo vyote tulikuwa tumefunga. Joto likawa tamu, ila kulikuwa na harufu kidogo ya mpira unaoungua, na kichwa kikaanza kunigonga. Nikadhani ni uchovu wa safari. Mama mkwe, ambaye hupenda kuzungumza njia nzima, alikuwa amenyamaza. Na Tumaini, aliyelia tangu Makambako, naye akanyamaza.

Nikampa ziwa. Hakulishika. Mkono wake ukaanguka kama kitambaa. Nikamfinya unyayo, asivute mguu.

"Baba Tumaini, simamisha gari."

"Bado kidogo tu," akajibu. "Hapa hakuna hata nyumba."

Maneno yalimtoka kwa kuburuza, kama mtu aliyekatizwa usingizi. Nikaona gari linakwenda upande, gurudumu likakanyaga ukingo wa mtaro, akalirudisha. Mimi sikuwa nimewahi kumpinga mume wangu mbele ya mama yake. Hatukulelewa hivyo. Nikateremsha kioo, baridi ikaingia, nikasema tena kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo, "Simamisha, mtoto haamki."

Mkono wa mama mkwe ukatokea nyuma, ukamshika bega. "Fanya anavyosema mkeo."

Tukashuka kwenye manyunyu. Nikamfunua mtoto uso, nikamwelekeza upepo ulikotoka. Mama mkwe alipiga magoti matopeni, akamsugua mgongo, akimwita kwa Kinyakyusa polepole, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Lusajo alishika tairi akatapika. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Kisha Tumaini akakohoa, akalia kilio chembamba.

Lusajo akafungua mlango. "Niwashe hita kidogo tu, ataganda hapa nje."

"Gari limekuambia mara mbili kwamba lina shida," mama yake akasema bila kupandisha sauti, "na wewe ukaliziba mdomo kwa waya. Nisikuone umegusa hiyo swichi."

Hapo ndipo moshi ulipoanza kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi, maana feni ya hita ile huendelea kuvuta umeme kwa muda hata ikishazimwa. Lusajo akakimbilia mbele, akafungua boneti, akachomoa waya wa betri. Tukaliacha gari, tukatembea hadi kwenye nyumba za wachuma chai. Mama mmoja alitukaribisha jikoni kwake. "Kamwene," akatusalimu, akasogeza kuni motoni, na mumewe akatupeleka zahanati. Mtoto akapona, na hakubaki na dosari yoyote.

Baadaye fundi wa Mafinga aliifungua ile hita. Feni ilikuwa imekaza kwa vumbi, kwa hiyo ilikuwa inavuta umeme mwingi kupita kiasi. Ndiyo maana fyuzi iliungua. Bomba la moshi nalo lilikuwa limekatwa na jiwe, na hewa ya sumu ilikuwa inapenya sakafuni. Hewa hiyo haina harufu; ile ya mpira ilikuwa ya nyaya zilizokuwa zinaungua. Siku hiyo Lusajo alimbeba Tumaini mpaka mikono ikamfa ganzi, na hakutaka kupokelewa.

Mwanangu, sasa unapoanza kuendesha gari lako, fyuzi ikiungua, tafuta kilichoiunguza kabla ya kuweka nyingine, na usiweke waya mahali pake hata kama njia ni ndefu. Hita ikisumbua, izime, vaa sweta, funika mtoto blanketi, umwone fundi. Kichwa kikiuma ndani ya gari na wenzako wakawa kimya ghafla, fungua vioo mshuke. Na ukiona hatari, sema, hata kama dereva ni mumeo, baba yako au bosi wako. Heshima haikatazi kusema "simamisha".

Mungu akutangulie kwenye ukungu wa huku kwetu. Akupe abiria wasioogopa kukuambia ukweli, na wewe akupe moyo wa kuwasikiliza. Ufike salama, na unaowabeba washuke kwa miguu yao.