Elkana na Mafiga ya Phanice

Elkana Odoyo wa Muhuru Bay alikuwa mtu wa kudharau. Wengine hulima, wengine huvua, yeye alidharau, na hakuna kazi nyingine aliyowahi kuifanya kwa bidii kama hiyo. Ujanani alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha pamba huko Homa Bay. Kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani na viatu vya ngozi, miwani, na tabia ya kusoma gazeti kwa sauti hata akiwa peke yake. Shamba alimwachia mkewe, Phanice. Omena, dagaa wale wa ziwani, za kuanika na kuuza akamwachia Phanice pia. Yeye alibaki na maoni.

Alidharau serikali, mbolea ya dukani, wahubiri wenye vipaza sauti na madaktari wote bila kubagua. Phanice alipoanza kukohoa, kikohozi kile cha asubuhi kisichosikia tangawizi wala asali, daktari wa zahanati alimwambia ajiepushe na moshi wa kuni. Elkana alicheka puani. "Mama yangu alipika kwa moshi mpaka akazeeka," alisema. Hakusema kwamba mama yake aliumaliza uzee huo akipapasa ukuta, macho yamekwisha. Jambo hilo gazeti halikuliandika, kwa hiyo hakulitilia maanani.

Basi ikaja kampuni ya majiko. Ilikuwa inagawa bure jiko la udongo lenye bomba la kutoa moshi nje, kwa sharti kwamba wenye boma wayang'oe mafiga yao ya zamani na kupigwa picha. Moshi ambao haukutoka ungehesabiwa na kuuzwa ng'ambo, kwa wenye viwanda wasiotaka kupunguza moshi wao wenyewe. Phanice alizipata habari hizo sokoni, akazisema nyumbani mara moja tu.

"Baba Tony, mimi nalitaka hilo jiko."

Phanice hakuwa mtu wa kutaka vitu. Mume mwenye masikio angeshtuka. Elkana alifungua ukurasa wa michezo.

Siku ya baraza kampuni ilimtuma Liz Motari, binti wa Kisii aliyevaa fulana yenye picha ya jani. Alizungumza Kiswahili, na naibu wa chifu, Jeremiah, akawa anawatafsiria wazee kwa Kijaluo. Nyuma yake, kando ya lori lililobeba majiko, gari kubwa la kampuni lilikuwa likinguruma papo hapo, dereva amelala ndani kwenye ubaridi. Elkana aliliona gari kabla hajamwona Liz, na moyo wake ukajaa furaha.

"Madam," alisema akisimama, "hiyo gari yako imenguruma tangu tukae hapa. Inakunywa nini, maji?"

Watu wakacheka. Liz akamwashiria dereva azime.

"Sasa niambie. Huko Ulaya wako na ndege, wako na viwanda, mpaka mbwa anawekewa hita. Hao hawaachi. Nyinyi mnakuja kwa mke wangu na kuni zake tatu. Hii moshi ya mke wangu haitoki hata kwa geti yetu. Ulaya hawaioni."

Ubaya wa Elkana ni huo: nusu ya maneno yake ilikuwa kweli, naye aliitumia nusu hiyo kubebea upuuzi wote uliobaki. Liz naye, tumpe haki yake, hakudanganya.

"Mzee, kwa dunia nzima, moshi ya mama mmoja ni kidogo. Hiyo nakubali, na hao wa ng'ambo hata mimi wananiudhi. Lakini boma zikiwa nyingi, miti ya hizi milima inapona. Na hata kama dunia haitajua, kifua ya mama itajua."

Kule nyuma, kati ya akina mama, Phanice aliinua kichwa. Elkana naye alilisikia neno kifua, akaona mkutano unaanza kumponyoka. Hapo ndipo Jeremiah alipomwokoa. Liz alisema, "Kwa hivyo tunaomba muache mafiga," na Jeremiah, ambaye alitafsiri kama mtu anayefukuza ndege shambani, akapaza sauti: "Weuru kendo."

Sasa, kendo kwa Kijaluo ni mafiga. Kendo hiyohiyo ni ndoa. Baraza likacheka kicheko cha wasiwasi. Kila mwenye akili alielewa Jeremiah alimaanisha nini, na Elkana alielewa kuliko wote. Lakini nafasi kama ile haimjii mtu mara mbili, akaidaka.

"Mmesikia wenyewe. Tuache kendo. Hayo mawe, mama yangu ndiye alimwekea mke wangu, siku alitoka jikoni kwa mama akapewa jikoni yake. Ukiyang'oa umefukuza bibi. Leo wanataka moshi, kesho watataka mabibi. Kendo ni ya mwanaume kulinda, na yangu nitailinda."

Wazee walimpigia makofi. Liz alijaribu kueleza, hakuna aliyemsikiliza. Kabla jua halijasimama utosini lori liliondoka na majiko yote, likayapeleka Ntimaru, kwa Wakuria, ambako neno hilo halikuwa na ubishi. Phanice aliondoka kabla soda hazijagawiwa.

Elkana alibaki akipongezwa mpaka jioni, kisha akarudi na njaa yake, akijirudia hotuba njiani. Jikoni kwa mkewe hakukuwa na moshi. Aliingia nyumbani kwake, akayakuta mafiga matatu meusi, udongo ukiwa bado umeyashika, yamepangwa vizuri mbele ya kiti chake. Juu yake kulikuwa na sufuria, chini kuni. Phanice alikuwa ameketi nje karibu na mlango, ameoga, amenyoosha miguu.

"Mama Tony, hii ni nini?"

"Kendo yako. Umeahidi watu utailinda, sikutaka ulale mbali nayo. Omena iko kwenye sufuria. Kiberiti kiko juu ya gazeti."

Angepiga kelele, lakini wale waliompongeza walikuwa bado wanapita njiani. Akapiga magoti na viatu vyake vya ngozi, akawasha. Kuni zilikuwa mbichi. Moshi ulipanda hadi kwenye mabati, ukakosa pa kutokea, ukashuka ukamtafuta. Alikohoa mpaka miwani ikaanguka. Alipofika mlangoni akipapasa ukuta, Phanice alimtazama bila hasira, na bila heshima pia.

"Rudi, omena itaungua," alisema. "Ni moshi kidogo tu, Baba Tony. Hautoki hata kwenye geti. Ulaya hawauoni."