Kikombe cha Dirishani

Mke wa mwanangu alikuwa na mimba ya miezi minane, na sikuwahi kulitaja tumbo lake. Kwetu mambo hayo ni ya mama mkwe. Lakini wiki ile mke wangu na mwanangu walikuwa kijijini Mamba wakivuna mpunga, tukabaki wawili nyumbani Makanyagio.

Nesi wa kliniki alimfundisha kuhesabu mtoto anavyocheza tumboni. Kila siku baada ya chakula cha mchana alilala ubavu wa kushoto, na kila mara mtoto alipocheza alitia punje moja ya mahindi kikombeni. Kisha kikombe alikiweka dirishani sebuleni, karibu na kiti changu cha kusomea Biblia. Kwa hiyo nilikuwa najua bila kuuliza.

Siku moja kilikuwa kitupu.

Nilisoma sura moja, nikaanza ya pili, macho yakirudi kikombeni. Nyuma ya pazia nilimsikia akinywa maji, akijilaza tena. Akaja, akachungulia kikombe, akarudi. Nikafunga Biblia nikaomba kwa muda mrefu, hata nikatambua kwamba naomba ili nisilazimike kuuliza.

"Mwanangu," nikaita, "mtoto amecheza?"

Akalisogeza pazia, asinitazame.

"Baba, jamani..."

"Nijibu tu."

"Tangu jana usiku hajacheza. Nampigia mama, simu haipatikani." Akaanza kulia.

Nilitoka barabarani bila viatu kutafuta bajaji.

"Mzee, twende taratibu, mashimo haya," dereva alisema alipomwona mgonjwa.

"Kimbia!"

"Leo mzee wa kanisa ananiambia nikimbie!" Alipoutazama uso wangu aliacha kucheka.

Hospitalini nesi alipitisha kifaa tumboni, huku na kule. Mimi niligeukia ukuta. Nilisikia mkwaruzo tu. Nilimwambia Mungu kwamba kama ni adhabu, aliyekaa kitini bila kuuliza ni mimi. Kisha ukasikika mdundo, wa haraka na hafifu.

"Yupo," nesi alisema, "ila amechoka. Daktari anamtoa kwa upasuaji leo."

Jioni niliwekewa mikononi mtoto wa kike mdogo sana, amenuna.

Mke wangu aliporudi aliniuliza, hakuamini: "Wewe mwenyewe ulimuuliza?"

"Nilichelewa kumuuliza," nikamjibu.

Mjukuu sasa anakimbia uani, nami namshukuru Mungu kila asubuhi. Lakini hofu ya zile sura mbili haijanitoka.