Eugénie Arudia Ukunga

Kwa miaka sita Eugénie alipiga deki kwenye kituo kimoja cha afya cha serikali katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na hakuna aliyejua kwamba kwao Uvira, Kongo, alikuwa mkunga. Cheti chake kiliungua pamoja na nyumba wakati wa vita. Msimamizi wa kituo naye alikuwa mtu wa kufoka kisha kujifungia ofisini. Nani angeanza kumweleza? Wauguzi walichelewa kufika na kuwahi kuondoka. Swalik wa maabara alikuwa ameshaandika barua tatu za kuomba uhamisho.

Mwaka 2009 msimamizi huyo aliondoka, akaja Nusura, mwanamke kutoka Kakiika ambaye hata miaka thelathini na mitano hakuwa ameifikisha. Hakuitisha mkutano. Alishinda siku nzima maabara, siku nzima chumba cha dawa, akiuliza na kuandika.

Alhamisi ya wiki yake ya kwanza, mchana, aliletwa mjamzito, mtoto ametanguliza miguu. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda mjini Mbarara. Muuguzi wa zamu alishikwa na woga, akarudi nyuma. Eugénie akaweka chini tambara lake, akanawa hadi viwikoni.

"Niachie fasi, binti yangu," alimwambia.

Mtoto alipolia, Eugénie aligeuka akamwona Nusura amesimama mlangoni. Leo nafukuzwa kazi, alijisemea.

"Mama Eugénie, hii kazi ulisomea wapi?"

"Ku Uvira, musawo," alijibu, akitumia neno la huko la daktari. "Nilizalisha banamuke miaka kumi na moja."

"Mbona kitabu cha wafanyakazi kinasema wewe ni wa usafi?"

"Hakuna mwenye aliniuliza."

Nusura alimvutia kiti. "Basi mimi nauliza. Kaa, niambie yote."

Haikuwa rahisi. Barua za Nusura kwa wakubwa, za kuomba Eugénie arudishwe kwenye ukunga, zilirudishwa mara mbili. Ya tatu ikakubaliwa. Eugénie akapelekwa hospitali moja ya Mbarara kwa miezi minane, afundishwe na kupimwa upya ujuzi wake. Akiwa na miaka arobaini na sita, aliketi darasani na wasichana wa rika la bintiye, kamusi ya Kiingereza mapajani. Akafaulu. Siku aliyorudi kituoni na gauni la mkunga, wenzake wa usafi walimpigia vigelegele tangu getini.

Swalik naye alipatiwa hadubini aliyokuwa akiililia, na barua ya nne hakuiandika. Zamu sasa wauguzi walizipanga wenyewe. Aliyekosea aliitwa pembeni, akaambiwa kwa upole. Aliyefanya vizuri alisifiwa mbele ya wote.

Mwaka 2014 wakaguzi wa wilaya walishangaa: kituo cha mbali hivi, na hakuna anayetaka kuhama? Nusura alimgeukia Eugénie, ambaye sasa alikuwa mkuu wa wodi ya wazazi.

"Hapa banajua kila mutu anaweza nini," Eugénie alisema, mgongo umenyooka, "na banamuacha afanye. Mukuje, niwaonyeshe wodi yangu."