Njiwa Walioondoka Wameshiba

Enzi zetu, kule Kasikeu, kabla sijanawa uso nilikuwa nimeshatazama angani. Wa rika langu watakumbuka asubuhi zao kwa moshi wa kuni na chai ikipanda kwenye sufuria, na hayo yote yalikuwepo kwetu pia. Lakini mimi nilikuwa natoka mlangoni nikiwa bado na alama za mkeka shavuni, naangalia kama mwewe yuko. Nikimwona anazunguka polepole juu ya mashamba ya jirani, uji haukuteremka. Nilikuwa mtoto mwenye hofu nyingi kupita umri wake, na zote zilianzia kwenye banda la njiwa nyuma ya jiko.

Njiwa wenyewe walikuja na Baba. Alikuwa mtunza bustani Nairobi, kwa mzee mmoja aliyefuga njiwa wa mashindano, wale wanaopelekwa mbali na kuachiliwa ili ionekane nani atafika nyumbani kwanza. Mzee huyo alipofunga nyumba akahamia ng'ambo, Baba alibaki bila kazi. Alirudi na sanduku moja na kikapu cha njiwa alichopewa kama kwaheri. Watu wa sokoni walidhani amebeba kitoweo, na wengine walimfuata nyuma wakiuliza bei.

Baba aliyerudi hakuwa yule tuliyezoea kumngojea kila Krismasi. Yule wa Krismasi alikuwa na maneno mengi, akiingia nyumba inajaa vicheko mpaka majirani wanakuja kuona kuna nini. Huyu aliketi kwenye kigoda nyuma ya jiko, akaangalia chini kutwa nzima. Ukimsalimia anaitika, ukimwuliza kitu anajibu neno moja, basi. Mama alikuwa akinituma nimpelekee maji hata kama hajaomba, ili nikirudi nimwambie kama amesema asante. Siku nyingine hakusema. Sisi wengine tulianza kunong'ona ndani ya nyumba yetu wenyewe. Susu, yaani nyanya yangu aliyemzaa Baba, ndiye peke yake ambaye hakunong'ona. Yeye alimpakulia tu isyo, mahindi na maharagwe yaliyochemka pamoja mpaka yakalainika, sahani inajaa hadi ukingoni, na hakumwuliza lolote.

Kisha njiwa wakaangua. Makinda walipoanza kuota manyoya, Baba aliniita kwa jina. "Mwende, kuja uone." Nilikimbia nikiwa sijui kama nifurahi au niogope. Tangu siku hiyo alianza kuzungumza, ingawa alizungumza habari za njiwa tu, na kwa kuwa mlango wa banda ulikuwa mdogo na mimi nilikuwa mwembamba, nikawa mwanafunzi wake.

Alinifundisha kwamba kinda akitengwa na wazazi wake hajui hata kunywa maji, kwa hiyo unamshika taratibu na kumchovya mdomo kwenye bakuli mpaka aelewe. Alinifundisha kuchanganya chakula: mtama mwingi, ndengu kiasi, mahindi yaliyovunjwavunjwa, na mbegu za alizeti za kuonjesha tu asubuhi za baridi. Pembeni tuliweka changarawe na maganda ya mayai yaliyopondwa, maana njiwa hana meno na lazima asage huko ndani. Maji yalibadilishwa kila siku, na Baba aliyakagua kwa kidole. Akikuta utelezi kwenye bakuli, hiyo siku ilianza vibaya.

Somo kubwa kuliko yote lilikuwa njaa. Asubuhi makinda hawakupewa hata punje kabla ya kuruka. Nilifungua mlango, nikachukua ufito mrefu wenye kitambaa chekundu, nikaupunga wasije wakatulia juu ya mabati wakiota jua. Walipaa, wakazunguka juu ya boma letu, juu ya kanisa, wakapotea nyuma ya mikaratusi, wakatokea tena wakiwa wameinama wote upande mmoja. Muda huo wote moyo wangu ulikuwa juu pamoja nao. Baba akiona wametosha aliniashiria, nikatikisa mkebe wa mtama, nao walishuka kwa fujo na kuingia bandani wakikanyagana. Hapo walipata chakula kidogo. Jioni ndipo waliposhiba.

"Ukimpatia yote asubuhi, ataenda akae kwa mti ya watu mpaka giza iingie," Baba aliniambia. "Atarudi aje na hana shida na wewe?"

Leo ukimwomba kijana aamke kabla jua halijatoka akapunge kitambaa, atakuuliza kama hiyo kazi haiwezi kufanywa na simu. Sisi hatukuuliza. Tulipunga mpaka mabega yakauma, kisha tukaenda shule mbio tukiwa na manyoya kwenye nywele, na mwalimu akatuambia tumelala na kuku.

Mwaka huo mvua ilikuwa imetukwepa. Kila kikombe cha ndengu nilichopeleka bandani, Mama alikiangalia kikipita. Nilingoja siku atakayosema imetosha, na haikuja. Badala yake nilimsikia jikoni akimwambia Susu, "Wacha hizo njiwa zikule. Zikiisha, huyu atarudi kukaa pale, na mimi sitaweza tena." Maneno hayo yaliniingia na hayakutoka. Tangu hapo, kinda akichelewa kushuka hata kidogo nilikuwa naona sauti ya Baba ndiyo imechelewa, na nilitikisa ule mkebe kwa nguvu mpaka mtama ukaruka nje.

Makinda walipokomaa, Baba alianza kuwapeleka mbali kidogo kidogo. Kwanza ng'ambo ya mto, kisha sokoni Kasikeu, kisha mbele zaidi, na kila mara kwa njia ileile ya kuelekea Wote, ili wazoee upande mmoja. Nilibaki nyumbani kuwapokea, na kila mara walifika mbele yake. Alirudi akitabasamu, akinihadithia jinsi walivyozunguka kabla ya kushika njia. Alikuwa anasema sentensi mbili, tatu, halafu nne. Mama alikuwa anakaa karibu akichambua mboga zilizokwisha kuchambuliwa, ili amsikie.

Ndipo akasema sasa ni Wote kwenyewe. Jioni ya kuamkia safari tuliwapa chakula kidogo, tukawaweka kwenye kikapu na kukiegemeza ukutani karibu na mlango. Baba alipiga pasi koti lake la Nairobi. Akanieleza kwamba atawaachilia pale Wote, anywe chai, atembee sokoni, na kabla hajamaliza kikombe watakuwa wamefika kwangu. Alizungumza sana jioni ile, na mimi badala ya kufurahi nilizidi kuogopa, kwa sababu nilikuwa naona jinsi anguko litakavyokuwa refu.

Alfajiri alifunika kikapu kwa kitambaa, akaenda kutafuta gari. Nilichukua ufagio. Pale kikapu kilipolala nikaona maganda ya maharagwe, punje za mahindi laini, na ndengu zimetapakaa kama za kupanda.

"Susu," niliuliza, "hii ni nini?"

Susu alikuwa anapuliza moto, wala hakugeuka. "Niliamka mapema nikawapatia. Isyo ya jana, na ndengu juu. Wamekula, wamekunywa maji, wako sawa kabisa. Nani anatoka kwangu aende mpaka Wote na njaa?"

Mtu asiyekulia Ukambani anaweza kucheka, lakini kwa Susu hilo lilikuwa jambo lisilojadiliwa. Kwake hakuna aliyeondoka bila kutia kitu mdomoni. Aliyekuja kugombana alipewa kwanza akala, ndipo akaruhusiwa kukasirika. Mtoto wa kwenda shule ya bweni alishindiliwa mpaka akapanda gari akishika tumbo. Njiwa walikuwa wamelala mlangoni pake, wana safari, kwa hiyo aliwafungulia mfuniko akawalisha kwa mkono. Gizani Baba hakupapasa magole yao, ile mifuko ya chakula shingoni, ajue kama yamejaa.

Nilimwambia Mama. Aliketi juu ya gunia pale pale, akanitazama, nikamtazama. Hakukuwa na la kufanya. Siku hizi ungepiga simu, hata ungemtumia picha ya zile punje. Sisi tulikuwa na macho tu na upande wa Nzaui, kule ambako wangetokea.

Wale wa umri wangu wanajua kungoja. Tulingoja barua, tulingoja mvua, tulingoja matokeo ya mtihani yabandikwe ukutani. Ila kungoja kwa siku ile sijawahi kukupata tena. Jua lilipanda. Nilitikisa mkebe ingawa juu hakukuwa na ndege. Kila doa lililotokea angani nililipokea kwa furaha, na lilipokaribia likawa kunguru. Mama aliunguza chakula cha mchana, na yeye si mtu wa kuunguza. Mwewe alikuja, akazunguka, akaenda zake upande uleule wa Nzaui, nami nikaanza kulia bila sauti. Nilikuwa nawaona makinda wetu wamekaa kwenye mti wa watu huko mbali, vifua vimewajaa, wamesinzia, hawana shida nasi. Susu alinitazama mara kwa mara. Nadhani kufikia alasiri alikuwa ameanza kuelewa, maana aliacha kuimba.

Jua likiwa limeinama, tulimwona Baba akikata kona ya kanisa. Alikuwa anatembea haraka, kikapu kitupu kikimgongagonga pajani, na hata kwa mbali ulijua anatabasamu. Hilo ndilo lililonivunja.

"Wamefika wangapi?" aliuliza kabla hajasimama.

Aliangalia juu ya mabati, akaenda mpaka bandani, akachungulia, akarudi. Tabasamu lilikuwa limeondoka lote. Alipita katikati yetu, akaenda nyuma ya jiko, akakaa kwenye kigoda. Mama alinishika mkono, akaubana mpaka nikasikia maumivu.

Susu akamfuata. Alisimama mbele yake akiwa na kanga kiunoni.

"Ni mimi niliwapatia chakula," alisema. "Kabla ya wewe kuamka."

"Mama. Uliwapatia chakula?"

"Sasa ulitaka nifanye nini? Hata wewe siku ya kwanza ukienda Nairobi nilikupatia isyo mpaka ukashiba. Na si ulirudi?"

Baba aliinua uso, akamtazama. "Nilirudi, Mama. Lakini si unajua nilikaa miaka ngapi."

Nilidhani Susu atalia. Badala yake alivuta jiwe la kukalia, akaketi karibu na mwanawe, akamwekea mkono gotini.

"Sasa si umefika," alisema. "Ingia ndani ukule."

Baba akacheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikaongezeka, kisha akafunika uso kwa viganja, na mabega yake yakaendelea kutikisika hata baada ya sauti kuisha. Susu hakuondoa mkono. Baba alipoinuka aliingia ndani, akala, na alipokuwa anakula akaanza kutuambia habari ambazo hakuwahi kuzisema. Alituambia jinsi Nairobi ilivyomnyang'anya watoto wake wakiwa wadogo, akawakuta wakubwa wasiomzoea. Alisema aliona haya kurudi bila kazi, akashika njia ya nyumbani akidhani atachekwa. Mama aliacha kula, akawa anamsikiliza tu. Mimi nilisahau kabisa kutazama nje.

Kesho yake, kabla ya saa ya chai ya shule, njiwa wa kwanza alitua juu ya mabati. Njaa ilikuwa imemshika. Wengine walimfuata mmoja mmoja, wamechafuka, wana haraka, na Baba aliwapokea akiwataja kwa majina. Hawakurudi wote. Wale ambao hawakurudi tuliwatazamia kwa wiki nyingi, kisha tukaacha. Lakini Baba hakurudia kimya chake tena, na Susu aliambiwa kwa upole awe anatuuliza kwanza. Alikubali, ingawa sidhani kama aliamini.

Siku hizi ninaishi Wote, mji umejaa ofisi na mabati mapya, na sijaona njiwa wa mashindano kwa muda mrefu. Vijana wetu hawana haja nao. Wakiondoka wanatuma mahali walipo kwenye simu, unaona kidoa cha buluu kikitembea barabarani mpaka Nairobi, na wanadhani hiyo imemaliza wasiwasi wa wazazi. Sisi tuliondoka bila kidoa chochote, lakini Krismasi ikifika tulikuwa tumeshashuka stendi na mabegi yetu kabla mtu hajatuuliza tunakuja lini. Binti yangu Ndinda anafanya kazi huko Nairobi. Siku anaondoka nilimpikia chapati, nikamchinjia kuku, nikamfungia na vya njiani, na alinicheka akisema nitampasua. Amepata kazi nzuri, nyumba nzuri, na chakula anaagiza kinaletwa mlangoni na pikipiki. Krismasi iliyopita alikuwa na shughuli. Pasaka pia. Kila Jumapili baada ya kanisa nampigia, na swali langu la kwanza ni lile ambalo mama yeyote wa huku huuliza, kama amekula.

"Nimekula, Mum. Nimeshiba kabisa, usijali."

Namwambia vizuri, mwanangu, Mungu asifiwe. Kisha simu inakatika, nami nakaa pale kwenye kiti cha barazani na ile hofu yangu ya utotoni, ya njiwa walioshiba kwenye mti wa watu.