Ufito wa Bibi Juu ya Kioo

Mwezi uliopita mvua ya saa nane ilinikuta Sotik, nikaingia kujikinga kwenye kibanda cha fundi wa simu. Kijana huyo alikuwa ameinamia amplifaya iliyokuwa ikikoroma, na mkononi ameshika kidude chenye ukubwa wa simu kinachochora mstari wa kijani. Aliponiona nakitazama, akatabasamu.

"Mama, hii huijui. Inaitwa oskiloskopu. Inaonyesha sauti."

"Yangu ilikuwa kubwa kuliko hiyo meza yako," nikamwambia. Akacheka vile vijana humcheka mama mwenye viatu vya matope.

Basi acha nikueleze wewe. Miaka ya tisini nililelewa na bibi, mzaa mama, kwenye shamba dogo la chai mlimani, mwendo wa saa moja kutoka Sotik. Shule niliiacha darasa la saba. Vitabu nilivipenda, kukaa mahali pamoja ndiko kulinishinda, na hadi leo kunanishinda. Asubuhi tulichuma chai, bibi akilaza ufito wake mrefu juu ya michai. Kilichochomoza juu ya ufito tulichuma, cha chini tukakiacha kikue. Alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba makubwa, ambako kila mchumaji alipewa mstari wake, na alipenda kunisimulia: ukikuta mstari umesimama na majani yake, huna haja ya kuuliza mengi, mwenyewe hakuja kazini. Jioni nyumba ilinuka moshi, makoti yaliyolowa na mursik, yale maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni.

Jirani yetu alikuwa fundi wa mitambo, amestaafu kiwanda cha chai. Alikuwa na gunia la majarida ya elektroniki ya Kiingereza, ya zamani kuliko mimi, aliyoachiwa na injinia mmoja mzungu. Yeye aliyatumia kufungia mbegu za sukuma wiki. Mimi niliyasoma kwa kamusi, hata yaliyotafunwa na panya. Katika moja nikakuta mchoro wa kugeuza televisheni iwe chombo cha kuonea sauti. Nusu ya ukurasa ilikuwa imeliwa.

Televisheni tulikuwa nayo. Mjomba alimnunulia bibi, ya picha nyeusi na nyeupe, ya kutumia betri ya gari, kisha radi ikaipiga kupitia antena. Unazijua radi za kwetu. Tangu hapo ilionyesha chengachenga tu, lakini bibi aliifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, akimngoja mjomba aje Krismasi kuitengeneza. Siku moja alipokwenda kupimisha majani, niliifungua.

Alirudi akakuta matumbo ya televisheni mezani. Hakunipiga. Aliweka kikapu chini, akakaa.

"Hiyo ni zawadi ya mtoto wangu," alisema. "Krismasi akikuta mifupa, utaenda kwa shangazi yako Kedowa ulime viazi. Huko hakuna nyaya za kuchezea."

Nilikuwa na wiki tatu kabla ya Krismasi. Nilizungusha koili, zile nyaya zilizosokotwa kwenye shingo ya kioo, robo duara, ili mstari uliokuwa ukitembea juu kwenda chini utembee kushoto kwenda kulia, halafu koili ya pili nikaiachia sauti, iuvute mstari huo juu na chini. Nadhani ile nusu iliyoliwa ndiyo iliyoonya usiguse waya mnene hata kama umezima. Niliugusa. Nilirushwa hadi kwenye kibuyu cha mursik, kikapasuka, na bibi akasema "Kedowa" bila kugeuka.

Lakini siku moja jirani alileta redio yake, tukaiunganisha, na kwenye kioo vikatokea vilima na mabonde vikirukaruka kwa wimbo. Jirani alivua kofia.

"Inachora vizuri," bibi alisema. "Sasa inafanya kazi gani?"

Niliongeza sauti ya redio tu.

Jumamosi iliyotangulia Krismasi, mzee wa kanisa akamletea jirani amplifaya ya kanisa. Ilikuwa ikikoroma tu, na fundi wa mjini alishabadilisha spika bila faida. Jirani akaileta kwangu, mzee akimfuata. Nikaiunganisha na kioo, jirani akapiga mbinja kwenye maikrofoni. Vilima vikatokea, lakini mabonde hayakuwapo. Chini mstari ulikuwa umenyooka. Nikageuza hiki na kile nikidhani kioo changu ndicho kibovu. Mzee akaanza kukunja nyaya zake.

"Asante, msichana. Wacha tutafute mtu aliyesoma."

Bibi alikuwa mlangoni. Akaja na ufito wake, akaulaza kwenye kioo, katikati kabisa.

"Hapa juu kuna mtu amefanya kazi," alisema. "Mstari wa chini ni wa nani? Huyo hakuja kazini."

Hapo nikakumbuka jarida: transista mbili hugawana kazi, moja upande wa juu, nyingine wa chini. Nikaifungua, nikaipima ya chini. Imekufa. Jirani alikuwa na nyingine kwenye redio mbovu ya gari. Siku ya Krismasi kwaya ilisikika hadi mlima wa pili, na mjomba alipofika, bibi mwenyewe alifunua kitambaa cha televisheni, akamsogezea maikrofoni tuliyoazima kanisani.

"Kohoa hapo," akamwambia, "uone kikohozi chako."

Sikwenda Kedowa.

Bibi hayupo tena, wala jirani. Kioo kiliuzwa kama chuma chakavu nikiwa natangatanga Kitale. Kwenye mashamba makubwa mashine ndizo zinazokata chai, na hakuna mwenye mstari wake.

Nilichungulia kidude cha kijana. Vilima, bila mabonde. Nikachukua kalamu yake ya risasi, nikailaza katikati ya kioo.

"Wa chini hakuja kazini," nikamwambia.

Akanitazama, akafungua, akapima. Akapima tena. "Mama, ulisomea wapi?"

"Darasa la saba," nikasema, "na sikumaliza."

Mvua ilikuwa imekatika, lakini alinivutia kiti.