Majibu ya Ngozi ya Benadeta

Tangu akiwa darasa la sita ngozi ya Benadeta huvimba, huwa nyekundu, hutoa magamba na kupasuka viwikoni. Majirani zetu hapa Nyakatuntu wakasema ni ukoma. Wapumbavu! Hospitali ilishakanusha, ila madaktari wenyewe hawakukubaliana: huyu alisema pumu ya ngozi, yule soriasisi. Dawa zikabadilishwa kila mara bila nafuu, na mchumba wa pili naye akamwacha.

Mimi, Deodatha, ni mhudumu wa afya wa kijiji. Watafiti walipokuja nilifurahi kuliko hata mgonjwa. Walieleza kuwa kila ugonjwa wa ngozi huacha viashiria vyake, vidogo visivyoonekana kwa macho. Wakichukua kipande kidogo cha ngozi, mashine itavitambua. Atakayekutwa navyo ataingizwa kwenye orodha ya kupewa sindano mpya za tiba, mwaka mzima. Sharti lilikuwa moja: wiki mbili kabla ya kipimo asipake kitu chochote.

Benadeta alivumilia, akijikuna mpaka damu. Mama yake, Anatolia, ndiye aliyeshindwa. Kwetu mgeni hutandikiwa nyasi mbichi na kupewa kahawa ya kutafuna; utamwonyeshaje vidonda? Zikiwa zimebaki siku nne, alinunua krimu kali dukani Isingiro.

"Lete mikono, mwanangu. Wageni wasije wakasema Anatolia hajui kulea."

Benadeta alijua sharti. Lakini mama alikuwa amepiga magoti mbele yake, na mkono wa mama haukataliwi. Akapakwa kila siku.

Siku ya kipimo daktari wa watafiti alipouliza kama amepaka kitu, Benadeta alimtazama mama yake, akajibu, "Hapana." Nami, mjinga wa mwisho, nikaona ngozi imetulia, nikasema ni baraka, na kipande kikachukuliwa.

Baada ya miezi minne barua ililetwa, nikaisoma mbele yao: viashiria vya ugonjwa havikuonekana, hivyo hayumo kwenye orodha. Wakati huo vipele vilikuwa vimerudi, vimefika shingoni. Benadeta akaninong'oneza habari ya krimu, nami nikatoka uani palepale kumpigia daktari simu. Akasema krimu kali hufuta viashiria kwa muda, na orodha imeshafungwa.

Niliporudi ndani nimekasirika, Anatolia alikuwa anapiga vigelegele.

"Mashine imeona hana ugonjwa! Hivi vilivyobaki vitakauka tu."

Nikafungua mdomo. Benadeta akanishika mkono kwa nguvu, akanivuta mlangoni.

"Dada, nakuomba. Akijua ni yeye, atakufa."

Jumapili Anatolia alibeba mkungu wa ndizi mkubwa kuliko yote shambani mwake, akaupeleka kanisani kutoa shukrani. Akamwita binti yake mbele, akasimulia uponyaji wake, waumini wakapiga makofi. Mchungaji akamuuliza Benadeta kama ana neno.

"Namshukuru mama," alisema, kisha machozi yakamshinda. Kanisa zima likadhani ni furaha. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jengo, maana mimi siwezi kunyamaza vizuri kama yeye.